Kompyuta Haikazi Nati

Mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, inaagizwa ichonge kisahani cha alumini chenye kipenyo cha milimita 50. Kikitoka kinapimwa kwa venia: upande mmoja 49.88, upande mwingine 49.97. Ukingoni kuna mabapa mawili mafupi yanayotazamana, ambayo kidole huyahisi kabla jicho halijayaona. Mwenye mashine anafungua programu, anatafuta mahali pa kuingiza fidia ya mchezo wa skrubu, anaandika 0.12 na kuhifadhi. Kisahani cha pili kinatoka kibaya kuliko cha kwanza.

Kisa cha namna hii hujirudia popote mashine hizi zilipofika, na zimefika mbali. Zamani CNC ilikuwa mali ya viwanda vikubwa. Leo mashine ya kukaa juu ya meza, kama ile maarufu kwa jina la 3018 kwa sababu eneo lake la kazi ni takriban sentimita 30 kwa 18, inaagizwa kwa simu na kufika ndani ya boksi ikiwa vipande vipande. Wengine hununua mashine ndogo ya mkono kama Sieg X2 kutoka China, kisha huifunga mota wenyewe. Mashine za ukoo huu zinaonekana katika karakana za mabango, tuzo na samani Dar es Salaam na Nairobi, nyingi zikiendeshwa na vijana waliojifunza kwa video. Kote huko kijisanduku cha fidia kimegeuzwa dawa ya kwanza. Kilistahili kuwa ya mwisho, na zipo mashine ambazo zingekata vizuri zaidi kama kisingeguswa kabisa.

Meza ya mashine husukumwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota. Skrubu hiyo hupita ndani ya nati iliyofungwa chini ya meza. Skrubu ikizunguka, nati hutembea na meza huifuata. Ili nati ipite bila kukwama, lazima pawe na nafasi kidogo, ndiyo inayoitwa mchezo, kati ya meno yake na meno ya skrubu. Mota ikiendelea upande mmoja nafasi hiyo haijulikani kama ipo, maana meno yameegemeana. Ikigeuza mwelekeo, skrubu huzunguka kwanza bila kusukuma chochote, mpaka meno yakutane upande wa pili. Dereva wa gari kuukuu anaijua hali hiyo kwenye usukani: mikono imeshazunguka, matairi bado hayana habari.

Usukani na mashine hizi ni ndugu kwelikweli. Boksi la usukani la malori mengi na la Land Cruiser za zamani lina skrubu na nati zilizotenganishwa na goroli zinazozunguka humo ndani, muundo ulioenezwa na Saginaw, kitengo cha General Motors cha Marekani, tangu miaka ya 1940. Skrubu za goroli wanazonunua wapenda CNC leo ni za ukoo huo. Iliyo maarufu kati yao ni SFU1605, yenye unene wa milimita 16, ambayo husogeza nati milimita 5 kwa kila mzunguko. Goroli hupunguza msuguano, hivyo nati inaweza kubanwa zaidi bila kukwama. Hata hivyo, skrubu ya goroli ya bei nafuu bado hucheza kwa sehemu chache za mia za milimita, na anayedhani ameumaliza mchezo kwa kuinunua tu hukuta umebaki kwenye beringi.

Programu nayo hufanyaje fidia? Inakumbuka kila mhimili, yaani kila njia ya mwendo wa mashine, ulikuwa unaelekea wapi mara ya mwisho. Amri mpya ikitaka kurudi nyuma, inaiongezea mota hatua za ziada zinazolingana na namba iliyoandikwa, ili skrubu ivuke pengo na kuanza kusukuma. Hesabu ni nyepesi na ni sahihi. Tatizo ni kwamba programu haiioni meza. Haijui kama pengo ni 0.12 katikati ya safari na 0.05 mwishoni, au kama nusu ya pengo hilo ni bolti iliyolegea. Inaamini ilichoambiwa na kukitekeleza kila mara mwelekeo unapogeuka, kiwe kweli au kisiwe.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye namba yenyewe: imetoka wapi, na inapima nini.

Makosa mengi ya vipimo hayatokani na mchezo kabisa, na kuyatenganisha hakuhitaji shahada. Mashine ikiamriwa kwenda milimita 10 ikaenda 9.9, kisha ikaamriwa 100 ikaenda 99, kosa linakua pamoja na umbali. Huo ni mpangilio mbaya wa idadi ya hatua za mota kwa kila milimita, na fidia haitausaidia hata chembe. Lakini kama milimita 10 zimekuwa 9.9 na milimita 100 zimekuwa 99.9, upungufu ni uleule kwa safari fupi na ndefu, na hapo ndipo pa kushuku mchezo. Ugonjwa wa tatu ni mota kupoteza hatua. Mashine ikipelekwa na kurudishwa mara nyingi kwa kasi, halafu isirudi mahali ilipoanzia, na kosa likawa linaongezeka kila raundi, mota imeshindwa mzigo au imedaiwa kasi isiyoiweza. Mchezo wa skrubu haulimbikizi deni kwa namna hiyo. Kiasi chake ni kilekile baada ya raundi moja au mia moja.

Kuna pia kupinda. Nguzo nyembamba ya alumini au kisu kirefu hujikunja kikisukumwa na kazi, kisha hurudi. Njia ya kutambua kupinda huko ni kusukuma meza kwa mkono huku mota zikiwa na umeme na geji ikiwa imeigusa. Sindano ikisogea na kurudi yenyewe mkono unapoachia, mashine inapinda. Ikisogea na kubaki ilipo, meza inacheza. Mashine ndogo nyingi zina yote mawili, na kisahani kilichopimwa kwa venia kimeyajumlisha pamoja na hitilafu ya venia yenyewe. Ile 0.12 ya mwanzo ilitoka kwenye kisahani. Ilikuwa jumla ya magonjwa, ikaandikwa kama dozi ya ugonjwa mmoja.

Kipimo cha haki huchukuliwa kwenye meza, kwa geji ya saa yenye sindano inayosoma sehemu ya mia ya milimita, iliyoshikwa na sumaku kwenye kichwa cha mashine na ncha yake ikigusa kitu imara kilichofungwa mezani. Kwanza fidia ya zamani irudishwe sifuri. Hatua hii husahaulika mno: mtu hupima huku fidia ya 0.08 ikifanya kazi, geji ikasoma 0.04, naye akafuta 0.08 na kuandika 0.04, kisha akashangaa mashine imerudi nyuma kwa ubora. Baada ya hapo meza isogezwe milimita chache upande mmoja ili meno yaegemee, geji iwekwe sifuri, meza isogezwe milimita 1 mbele kwa mwelekeo uleule, halafu irudishwe milimita 1. Sindano ikisimama kwenye 0.07 badala ya sifuri, huo ndio mchezo. Upimwe mara kadhaa, mwanzoni mwa safari, katikati na mwishoni.

Hapo bado si wakati wa kugusa kompyuta. Namba imesema kiasi, haijasema mahali.

Pa kwanza pa kutazama ni beringi zinazoshika skrubu isiende mbele na nyuma. Ncha ya geji ihamishiwe kwenye kichwa cha skrubu yenyewe na meza isukumwe kwa nguvu pande zote mbili. Skrubu ikitembea kwa urefu wake hata kwa unywele, lawama si ya nati. Mara nyingi ni kokwa ya kukazia beringi iliyolegea kwa mtikisiko, nayo hukazwa kwa spana na dakika chache. Katika mashine nyingi za bei ya chini hakuna beringi ya kubeba msukumo huo hata kidogo: skrubu imeshikwa na kaplingi ya alumini iliyochanjwa mithili ya springi, na nguvu zote za kukata zinaishia kwenye shafti ya mota. Kaplingi ya aina hiyo hujikunja na kujinyoosha. Hakuna namba itakayoitibu, kwa sababu kujikunja kwake hutegemea kisu kinasukuma kiasi gani wakati huo. Kinachosaidia ni kufunga beringi mbili zinazobeba msukumo, zikabanwa zielekeane, na kuiacha kaplingi ifanye kazi yake ya kuzungusha tu.

Kisha skrubu ndogo za kaplingi, zile zinazoibana shafti. Ikiwa moja imelegea, shafti huteleza kwa nyuzi chache kila mwelekeo unapogeuka, na kipimo huwa hakitabiriki: leo 0.06, kesho 0.15. Mchezo unaobadilikabadilika ovyo ni dalili ya kitu kilichofunguka. Ndipo inapofuata nati. Zipo nati zenye springi inayotenganisha vipande viwili ili kila kipande kiegemee upande wake wa meno, na zipo za bronzi zilizopasuliwa zinazobanwa kwa skrubu. Zote mbili zina mpaka. Zikibanwa kupita kiasi mota hushindwa kuzungusha, hatua hupotea, na ugonjwa mmoja umebadilishwa na mwingine mbaya zaidi.

Za mwisho ni kabari za reli, vile vipande vyembamba vinavyobana meza dhidi ya njia zake kwenye mashine kama X2. Kabari ikilegea, meza huyumba kwa pembe inapogeuka, na geji iliyowekwa karibu na skrubu husoma tofauti na iliyowekwa pembeni mwa meza. Fundi mwenye subira huikaza kidogo kidogo, akipaka mafuta na kuzungusha kwa mkono kila mara, hadi meza itembee kwa uzito ulio sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Katika mfano huu, kufikia hapa ile 0.12 imeshuka. Sehemu yake ilikuwa kupinda. Sehemu nyingine, tuseme 0.03, imeondoka kwa kukaza kokwa ya beringi. Kinachosomwa mezani sasa ni 0.04, na kinasomwa hivyo mwanzoni, katikati na mwishoni. Hii ndiyo namba inayostahili kuingia kwenye kompyuta. Imetulia, inajulikana ilipotoka, na haiwezi kupunguzwa tena bila kununua skrubu nyingine.

Kuna mashine zisizo na mahali pa kuiandika. Grbl, programu ya udhibiti iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009 na inayoendesha 3018 nyingi, hukaa ndani ya bodi ndogo ya Arduino Uno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, na toleo lake la kawaida halina fidia ya mchezo. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu. Kwa anayeanza lina heri yake, kwa kuwa linamlazimisha ashike spana. Upande wa mashine za kuchapa vitu kwa plastiki, programu ya Marlin ina amri ya M425 ambayo humruhusu mtumiaji aweke kiasi cha kila mhimili na hata aamue fidia itumike kwa sehemu gani, kuanzia sifuri hadi moja kamili. Mach3, iliyotawala karakana za watu binafsi kwa miaka mingi kupitia kompyuta za Windows, huomba kiasi cha kila mhimili pamoja na asilimia ya kasi ya juu ambayo fidia itatumia. Wengi hujaza kiasi na kuiacha asilimia bila kuifikiria. Kasi ikiwa kubwa mno mashine hugonga kila kona. Ikiwa ndogo mno kisu husubiri kikisugua mahali pamoja na kuacha alama.

LinuxCNC ndiyo inayofundisha zaidi, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Asili yake ni mradi wa miaka ya 1990 wa NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango na vipimo, na mtu yeyote anaweza kuisoma na kuitumia bure. Fidia huandikwa kwenye faili la mipangilio, mstari mmoja kwa kila mhimili. Mtego uko kwenye mstari wa jirani. Fidia ni mwendo wa ziada juu ya mwendo ulioamriwa, kwa hiyo wakati wa kuvuka pengo mota hudaiwa mchapuko mkubwa kuliko kawaida. Nyaraka za programu hiyo zinaagiza kwamba kwa mota za hatua, mpaka wa mchapuko wa sehemu inayozalisha hatua uwe mara 1.5 hadi 2 ya mchapuko wa juu wa mhimili. Asiyefanya hivyo hukutana na ujumbe wa kosa la ufuataji, mashine ikasimama katikati ya kazi, naye akailaumu kompyuta. Wengine hupandisha mpaka huo bila kujali kama mota yenyewe inaweza, na mota hukwama kimyakimya na kupoteza hatua. Kisahani cha pili kiliharibikia hapa: namba ilizidi, na mota haikuachiwa akiba ya nguvu ya kuibeba.

Mitego mingine ni midogo lakini imewanyima watu usingizi. Geji ya inchi ikisoma 0.002, ambayo ni sawa na milimita 0.05, kisha 0.002 hiyohiyo ikaandikwa kwenye faili la milimita, haitaonekana imefanya lolote. Faili likibadilishwa bila programu kufungwa na kufunguliwa upya, mashine huendelea na namba ya jana. Na katika LinuxCNC, mhimili ukishapewa jedwali la masahihisho ya skrubu, ile namba moja ya fidia haitumiki tena, hata ikibaki imeandikwa pale pale. Mtu anaweza kuibadilisha kutwa nzima na kupata duara lilelile.

Jedwali hilo ni msaada wa kweli kwa skrubu iliyochakaa. Skrubu huliwa zaidi pale inapofanyia kazi, na kwa kawaida ni katikati. Mchezo wa 0.10 katikati na 0.04 kwenye ncha hauna namba moja itakayoufaa. Ikiandikwa 0.10, ncha zitafidiwa kupita kiasi. Nati ikikazwa hadi katikati patulie, itakwama ikifika kwenye ncha. Jedwali huiambia programu kosa la kila mahali, kwa kwenda na kwa kurudi. Linahitaji upimaji wa subira, na skrubu inaendelea kuliwa wakati linatumika, lakini kwa mwenye mashine nzuri asiyeweza kununua skrubu mpya mwezi huu ni njia ya heshima.

Duara ndilo mwamuzi wa yote haya. Linapochongwa, kila mhimili hugeuza mwelekeo mara mbili, hivyo kila kosa la kugeuka hujiandika mahali panapojulikana: juu, chini, kushoto na kulia. Fidia pungufu huacha bapa, kwa kuwa mhimili unaotakiwa kurudi unachelewa huku mwenzake akiendelea. Fidia iliyozidi huacha kingazi, kwa kuwa mhimili umeruka mbele ya zamu yake. Wenye viwanda hutumia mantiki hiyohiyo kwa vifaa ghali zaidi. James Bryan wa maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani alichapisha mwaka 1982 njia ya kupima mashine kwa fimbo yenye goroli ncha zote mbili, ikizungushwa kwenye duara huku urefu wake ukisomwa, na kiwango cha kimataifa cha ISO 230-4 kinahusu majaribio ya duara ya aina hii. Mpenda CNC asiye na fimbo hiyo ana kisahani cha alumini, geji na macho yake, na vinamtosha. Akibaki na shaka kati ya 0.04 na 0.035, achague ndogo. Bapa la kosa dogo husuguliwa kwa tupa. Mashine inayoshtuka kila inapogeuka huitesa nati na mota.

Kuna jambo moja ambalo fidia hailigusi kabisa, na ni la usalama. Kisu kinaweza kukata kikipingana na mwendo wa meza, au kikaivuta kazi kuelekea upande uleule meza inakokwenda. Njia ya pili huacha uso laini, na programu nyingi za kutengeneza njia za kisu huichagua bila kuulizwa. Kwenye mashine inayocheza, jino la kisu huinasa kazi na kuivuta meza ghafla mpaka pengo liishe. Kwa nukta hiyo jino linakata kina ambacho hakuna aliyekiamuru. Matokeo ni kisu kilichovunjika, kazi iliyong'oka, wakati mwingine kipande cha chuma kinachoruka kuelekea uso wa mtu. Walimu wa mashine za mkono waliwakataza wanafunzi kukata kwa njia hiyo kwenye mashine zisizo na kifaa cha kuondoa mchezo, na walikuwa na sababu. Fidia ya programu huvuka pengo tu. Haiishiki meza iliyo ndani ya pengo. Mwenye mashine inayocheza 0.10 na kompyuta inayodai sifuri anapaswa kuendelea kukata kana kwamba mchezo upo, kwa sababu upo.

Wauzaji wengine wana tiba mpya: mota za hatua zenye kipima mzunguko mgongoni, zinazosifiwa kuwa hazipotezi hatua. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini kipima hicho kinahesabu mzunguko wa mota, na mchezo uko mbele yake, kwenye kaplingi, beringi na nati. Mota itaripoti kwa uaminifu kwamba imezunguka ilivyoambiwa wakati meza haijasogea. Kinachoweza kuuona mchezo ni kipimo kilichofungwa kwenye meza yenyewe, kama zile skeli za kioo za mashine za viwandani, na bei yake mara nyingi huizidi ya mashine ndogo nzima. Anayeuziwa mota hizo kama dawa ya mchezo ameuziwa kitu kizuri kwa maelezo ya uongo.

Uzito wa haya yote hutegemea kinachochongwa. Ua kwenye ubao wa kitanda halidhuriki kwa 0.12, msasa utalifuta kosa kabla mteja hajalipa. Lakini kijana anayetaka kutoka kwenye mabango na kuingia kwenye vipuri hukutana na milimita mara moja. Tundu la kukalia beringi ya 608 linatakiwa kuwa milimita 22. Likitoka 21.88 upande mmoja na 21.97 upande mwingine, beringi ikigongwa humo hubanwa zaidi pande mbili, hupata joto na kufa mapema, na mteja huamua kwamba kipuri kilichochongwa hapa nyumbani hakifai. Hasara ya uamuzi huo huwafikia mafundi wengi ambao hawajawahi kuigusa mashine ile.

Ndiyo maana mpangilio wa mafunzo unapaswa kubadilika. Kozi za CNC zinazoanza na kuchora kwenye kompyuta na kumalizia na kubonyeza kitufe zinamwacha mwanafunzi nusu njia. Siku yake ya kwanza yafaa iwe ya geji ya saa na sumaku yake, aipime mashine ambayo mwalimu ameilegeza makusudi, aseme mchezo uko wapi na aukaze, kabla hajaonyeshwa faili la mipangilio. Afrika Mashariki haina uhaba wa mikono inayoelewa jambo hili. Mafundi chuma wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi, na wale wanaofungua maboksi ya usukani chini ya miti, hutambua kwa kiganja kitu kilicholegea. Wamewekwa mbali na CNC kwa sababu inaonekana kuwa mambo ya kompyuta, wakati vijana wa kompyuta wanahangaika na matatizo ambayo wazee hao wangeyapata kabla ya chai kupoa. Karakana za ubunifu na vyuo vya ufundi vingefanya vyema kuwakalisha pamoja, na kuwalipa wazee hao kama walimu.

Muuzaji naye ana wajibu. Anayeuza mashine iliyounganishwa tayari atoe karatasi yenye mchezo wa kila mhimili, uliopimwa sehemu tatu fidia ikiwa sifuri. Kazi hiyo haizidi saa moja. Mnunuzi anayeenda kuchukua mashine ana haki ya kufika na geji yake na kuomba faili la mipangilio lifunguliwe mbele yake. Akikuta fidia ya 0.20 imeshaandikwa humo, ajue analipia mashine iliyochakaa na afanye bei kwa msingi huo.

Akishaifikisha kwake, kipimo hicho kirudiwe kila baada ya miezi michache na kuandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Mchezo ukipanda polepole kutoka 0.04 hadi 0.06 nati inaliwa kwa kawaida, na bado kuna muda wa kutafuta nyingine. Ukiruka kwa wiki moja hadi 0.15, mashine izimwe na kaplingi iangaliwe kwanza.